Ngoma Husikilizwa kwa Mbali

Mume wangu akitaka kununua redio mpya hunichukua twende wote dukani, nami huenda nikijua kitakachotokea. Muuzaji ataweka wimbo wa mwanamke mwenye sauti nyembamba, atasema, "Sikia hiyo, mama, safi kabisa!" Mimi nitamwambia amwondoe huyo mwanamke atuwekee besi. Kisha nitatoka nje, nitavuka barabara, nisimame ng'ambo niisikilize kutoka huko. Wauzaji hudhani nimekasirika. Sijakasirika, nimelelewa hivyo.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, kijijini kwetu upande wa Songwa. Ujanani alikuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kulima, wale wanaolima shamba zima huku wakirusha majembe kufuata mapigo. Kwake yeye ngoma haikupimwa karibu. "Karibu hata debe lina kelele," alikuwa akisema. Ngoma mpya ikishawambwa, mmoja alibaki akiipiga, na mwingine alitembea mpaka ng'ambo ya mashamba, akasimama, akaweka kiganja kifuani. Ikimgonga pale, hiyo ni ngoma. Isipomgonga, ngozi ivuliwe, kazi ianze upya. Nyumbani kwetu ilikuwapo na nyingine ambayo hakuna aliyeicheza. Ilitundikwa ukutani, ya kuitia majirani wezi wa ng'ombe wakija.

Basi, mwishoni mwa miaka ya sabini nikapata mchumba. Alikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa almasi, kijana mpole mwenye ndoto moja: stereo. Hakutaka redio ya kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Alitaka stereo yenye amplifaya, pleya ya santuri na spika mbili, na maboksi ya spika aliyatengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, kila moja likinifika kiunoni. Mimi nami nilikuwa na ndoto yangu. Nilitaka harusi yangu ichezwe dansi. Niingie uwanjani nimeshikwa mkono na mume wangu, tucheze rumba polepole, na watu watuone. Ngoma nilikuwa nimezicheza tangu nilipojua kutembea, na vumbi lake lilikuwa limenichosha.

Baba alilisikiliza ombi langu mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitia hofu. Kisha akasema, "Mlete na maboksi yake. Yakinigonga kifuani, mtacheza hilo dansi lenu. Yasiponigonga naita ngoma, na wewe utavaa njuga kama wenzako."

Nilijua hatanionea huruma. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza, isipokuwa kwa ng'ombe. Mwaka ule jiko letu lilipoungua, alikimbilia zizini kwanza, akawatoa wote hadi ndama wa mwisho, ndipo alipokumbuka kuuliza Mama yuko wapi. Mama alikuwa nje, amekaa juu ya kinu, anamtazama. Alimkumbusha moto ule kila alipopata nafasi, na nafasi hazikukosekana.

Maboksi yalikuwapo, ila muziki wa kuyapima hatukuwa nao. Santuri za mchumba wangu zilikuwa na magitaa matamu na sauti nzuri, lakini chini hamkuwa na kitu. Tukaenda Shinyanga mjini, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa karibu na soko. Mchumba wangu aliwahi kumtengenezea feni, na wakawa marafiki. Nyuma ya majora yake ya vitambaa alikuwa na kabati zima la santuri. Alituwekea nyimbo za filamu za kwao, akafumba macho, akatikisa kichwa. Zilikuwa tamu mno, lakini zote zilikuwa juu darini.

"Mzee wangu," nikamwambia, "sisi tunatafuta cha chini."

"Chini kiasi gani, binti?"

"Kimfikie mzee wa Kisukuma aliyesimama ng'ambo ya shamba la mpunga."

Akacheka mpaka akavua miwani. Alipanda ngazi, akashuka na santuri ya rumba ya Zaire yenye jalada lililochakaa. "Hii mke wangu ameipiga marufuku nyumbani," alisema. "Inachezesha vyombo vyake kabatini." Alipoiweka, mkasi uliokuwa mezani ukaanza kusogea wenyewe. Besi yake ilikuwa nzito, imetulia: inapiga mara mbili, inanyamaza, inapiga mara mbili. Mchumba wangu alinitazama, nami nilimtazama. Tuliondoka na santuri ile kama tumepewa mtoto.

Jumamosi mchumba wangu alifika na gari la kuazima, limejaa betri za lori, nyaya na maboksi. Akapanga vyombo vyake uani, akimpa mgongo Mama. Kwetu mkwe mwanamume hamkaribii mama mkwe wala hamtazami usoni, kwa hiyo Mama alikaa jikoni na kutuma maagizo kupitia shangazi yangu. "Mwambie aweke kwaya." Kwaya ikawekwa. Baba, amekaa kitini na kiganja kifuani, akatikisa kichwa. "Mwambie aweke ile ya magitaa." Baba akapiga miayo. Moyo wangu ulianza kusikia njuga.

Ndipo tukaitoa santuri ya mfanyabiashara. Baba aliisikiliza kidogo, akainama kama anayenusa mvua, kisha akanyanyuka akachukua fimbo yake.

"Sasa nakwenda kuisikiliza," alisema. Mchunga ng'ombe wetu siku hiyo alikuwa ameenda mnadani, kwa hiyo Baba aliwaswaga ng'ombe mwenyewe, akapotea nao kwenda kuwanywesha lamboni, ng'ambo ya shamba la mpunga.

Tulimpa muda wa kufika. Mchumba wangu akazungusha kitufe. Akazungusha tena. Kuku wakahama ua. Shangazi akasema, "Ngoma ikilia sana hupasuka," lakini mabega yake yalikuwa yameshaanza kucheza, nami nikamvuta tukacheza wote. Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Niliwaza, huko aliko lazima inamgonga, lazima.

Ilimgonga. Jambo ambalo sote tulilisahau, mimi binti wa mpiga ngoma nikiwa wa kwanza, ni kwamba umbali hula sauti nyembamba. Yale magitaa, zile tarumbeta, yule mwimbaji, vyote viliishia kwenye mpunga. Kilichofika lamboni ni besi peke yake: mapigo mawili mazito, kimya, mapigo mawili mazito. Na hivyo ndivyo ilivyopigwa ile ngoma yetu ya ukutani, siku nyumba ikivamiwa.

Sisi tulisikia yowe tu. Lilianzia lamboni, likapokelewa na nyumba ya pili, likazunguka kijiji kizima. "Kuna watu wamevamiwa!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza akasahau shangazi na kumwambia mkwe wake moja kwa moja: "Zima hiyo!" Mchumba wangu alikuwa bado anahangaika na vitufe walipotokea. Wanaume wa kijiji walikuja kutoka kila upande, na marungu, na mikuki, na pinde. Mbele yao wote alikuwa Baba, fimbo juu, katambuga moja mguuni na nyingine sijui aliiacha wapi. Sikujua kama mzee yule anaweza kukimbia vile.

Alisimama mbele yangu. Alinitazama juu hadi chini, akalitazama boksi, ambalo wakati huo lilikuwa likisema du-du, kisha kimya.

"Nani amepiga yowe?" akauliza mzee mmoja, mtani wake.

"Mimi," Baba akasema, akihema.

"Na nani amekuvamia?"

Baba akafikiri. "Mkwe," akasema.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko muziki wote wa siku ile. Mchumba wangu maskini alitamani ardhi ipasuke. Mtani wa Baba akatangaza kwamba anayepiga yowe la uongo huwalisha waliokuja, hiyo ndiyo sheria, basi aseme upesi, wanakula dume lipi. Akageuka kulitazama zizi ili achague, akakuta liko tupu.

"Ng'ombe wako wapi?"

Baba akageuka taratibu akatazama kule alikotoka.

"Nimewaacha," alisema.

"Umewaacha na nani?"

"Nimewaacha tu."

Kisha vijana wakatimka mbio kuelekea lamboni, na wazee wakaanza kumcheka upya, wakimwuliza kama ni mgonjwa. Mama alitoka jikoni, akasimama hapo hapo uani, mkwe asiyetazamwa akiwa hatua chache tu kutoka kwake. Alimtazama Baba kwa muda mrefu. Moto wa jiko hakuutaja siku hiyo, na sikumsikia akiutaja tena.

Nilikuwa nataka kucheka na nilikuwa nataka kulia. Nilimsogelea nikamwuliza, "Baba, hukujua ni santuri? Ulikwenda kuisikiliza!"

"Nilijua nilipokuwa natembea," akasema. "Ilipoanza kupiga nikasahau. Nilisikia inatoka nyumbani, na nyumbani upo wewe."

"Kwa hiyo imegonga?"

"Imegonga, ng'wana wane," mwanangu, alisema kwa Kisukuma, na kiganja bado kilikuwa kifuani. "Gete, kweli imegonga. Usiipige tena mpaka siku unayoondoka."

Ng'ombe walikutwa lamboni, wamelala kivulini, wanacheua. Dume la faini lililiwa harusini ili Baba asichinje mara mbili. Nami niliingia uwanjani nimeshikwa mkono, nikacheza rumba yangu polepole, na watu wakaniona. Tulipoiweka ile santuri ya mfanyabiashara, wazee walimpisha Baba njia. Walidhani atakwenda kuisikiliza ng'ambo ya shamba kama kawaida yake. Alichukua kiti chake, akakibandika ubavuni mwa spika, akakaa hapo mpaka gari letu lilipoondoka, asije akaisikia kwa mbali.