Nilipiga Dawa Alizeti Ikiwa na Maua

Kosa ni langu. Mimi ni katekista, mzee wa wajukuu saba, hapa upande wa Mpimbwe. Mungu amenijalia mengi na namshukuru. Kinywa tu ndicho kimenishinda kufungua.

Viwavi waliingia kwenye alizeti yangu ikiwa imechanua. Bwana shamba alinionya nisipige dawa nyuki wakiwa kwenye maua. Nisubiri jioni wakisharudi mizingani. Lakini ulikuwa mwezi wa Mama Maria, na kila jioni niliongoza rozari nyumba kwa nyumba. Nikajiambia, kazi ya Mungu kwanza. Saa tatu asubuhi nikabeba bomba mgongoni, nikapiga shamba zima. Nyuki walikuwa wakivuma juu ya maua. Niliwasikia! Sikusimama.

Jirani yangu ana mizinga ya magogo msituni, karibu na shamba langu. Baada ya siku mbili alikuta nyuki wamekufa chini ya mizinga, wametapakaa kama pumba.

Nilipomuuliza bwana shamba pembeni, alisema huenda ni dawa, huenda si dawa, maana nyuki hufa kwa mengi. Nimejificha ndani ya hiyo "huenda" mpaka leo.

Jirani hakuwaza dawa. Alimwaza shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye waligombana naye juu ya mizinga hiyo. Tulipokutana kwenye rozari, akasimama mbele ya wote, akanigeukia.

"Mwalimu, tumwombee aliyeniulia nyuki. Yumo humu ndani."

Shemeji alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango. "Shemeji," akasema, "nyuki wako wananiuma kila mwaka nikikusaidia kurina asali. Nikiwaua nitaumwa na nani?"

Watu wakacheka kidogo. Jirani hakucheka. Wote wakanitazama mimi.

Nikafumba macho, nikaongoza sala. Nilimwombea mwenye kosa atubu.

Tangu hapo shemeji hakuitwa tena kurina, na mkewe alikatazwa kukanyaga kwa kaka yake. Mwezi uliopita walifunga mizigo, wakahamia Mishamo. Shemeji alipita kuniaga. Alinishukuru kwamba mimi peke yangu sikumnyooshea kidole.

Nimeungama kwa padre. Akaniambia niende kwa jirani nikaseme. Nimefika kwake mara tatu. Kila mara ananivutia kiti na kuniuliza lini tutamwombea tena mwenye kosa. Nikisema, jumuiya niliyoilea itauliza sala zangu zilikuwa nini. Nisiposema, mtu anaishi ugenini kwa kosa langu. Sioni pa kutokea.

Ndugu yangu, ukiona maua yamefunguka, weka bomba chini mpaka jua lishuke. Hata rozari ingeningoja. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla jina la mtu mwingine halijatajwa. Likishatajwa, kila siku unayonyamaza, unalitaja na wewe.