Gwandu aliyekuwa anavuna ngano usingizini

Leo nusura nitimuliwe kwenye kumbukumbu ya ndugu zetu waliofukiwa na tope la Hanang.

Niliombwa nimzungumzie rafiki yangu Gwandu, dereva wa kombaini enzi za mashamba ya ngano ya serikali.

Nikasema Gwandu alikuwa anavuna usingizini, akiamka shamba limeisha. Dereva wa kumshinda alikuwa mimi tu.

Mchungaji akainamisha kichwa.

Mjane wa Gwandu akasimama. Nikajua hapo nimeharibu.

"Shemeji, hujamaliza. Alikuwa anakoroma kushinda injini ya hiyo kombaini."

Uwanja mzima ukacheka, na mchungaji naye.

Mjane akanishika mkono. "Kila mtu ananiambia marehemu, marehemu. Leo ndiyo nimemsikia mume wangu."

Haya, wa kwenu mliyempoteza alikuwaje? Andikeni hapa, hata mkiongeza chumvi.