Ndoana ya Pili ya Mama Achieng

Kuna harufu moja ambayo sijawahi kuona mtu akiiuza kwenye chupa, nami sijui kwa nini. Ni harufu ya udongo wa chini ya mgomba, asubuhi baada ya mvua, ukiupindua kwa jembe na majani yaliyooza yakafunuka na nyungunyungu wanene wakajikunja kwa hasira ya kuamshwa. Wengine wakiinusa hufikiria mavuno. Mimi hufikiria ziwa, na mwanamke mwembamba aliyesimama juu ya jiwe, gauni amelikunja hadi magotini, akinifundisha kuvua samaki.

Najua mtacheka. Msichana wa milimani, mzaliwa wa upande wa Ekerenyo, ambako maji makubwa kuliko yote ni mto wa kuvuka kwa hatua sita, alivua samaki wapi? Hata nyanya yangu, ambaye sote nyumbani tulimwita magokoro, alicheka. Yeye aliamini kwamba Mungu alitupa magoti watu wa kwetu ili maji yakifika hapo tujue ni wakati wa kurudi. Alinifunga kitambaa kichwani siku ya safari akanitazama kama mtu anayeaga maiti, kisha akaniuliza kama nimesali.

Ilikuwa miaka ya vita, ile vita ya pili iliyochukua vijana wetu na sukari yetu pamoja. Mama alikuwa na desturi ya kuteremka ziwani baada ya mavuno, akiwa na mzigo wa wimbi na ndizi, akabadilishane kwa samaki wakavu na chumvi. Rafiki yake huko alikuwa Mama Achieng, aliyeishi ufuoni karibu na Kendu. Walijuana kanisani, sote tukiwa Wasabato. Mmoja alizungumza Ekegusii na mwingine Dholuo. Kiswahili kila mmoja alikuwa na kipande chake tu, nao waliviunganisha vile vipande wakaongea siku nzima bila kuchoka. Niliona ajabu kwamba watu wawili wanaweza kucheka hivyo kwa maneno machache hivyo.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi mama alipokubali kunichukua. Mama Achieng alikuwa ametuma ujumbe kwamba jua limekausha ufuo wote, nyungunyungu wamezama chini sana, na tafadhali aletewe wa kwetu. Basi kazi hiyo nikapewa mimi. Nilichimba chini ya migomba ya magokoro tangu alfajiri, nikawafunga kwenye majani mabichi ya mgomba pamoja na udongo wao, nikaubeba mzigo huo kichwani siku mbili za mwendo. Baadhi walitoroka wakanishukia shingoni. Sikulia. Nilijiona mtu mkubwa aliyebeba kitu kinachongojewa, na mpaka leo sijabeba mzigo mwingine kwa fahari kama ile.

Tulifika Jumatano jioni. Asubuhi niliamka nikaliona ziwa, nikakaa chini. Mama Achieng alikuja akachuchumaa kando yangu, akanyoosha kidole, si kwenye ule upeo wa mbali nilioutazama mimi, bali kwenye maji yaliyokuwa hatua chache mbele yetu, pale mawe yalipokutana na majani ya majini.

"Nyathina," aliniambia, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtoto wao, "hii maji ni kubwa sana. Usiangalie yote. Samaki yako iko hapa tu."

Mume wake alikuwa amechukuliwa askari, na kabla ya kuondoka alimfundisha kuvua kwa mshipi, kazi ambayo majirani waliiona ya wanaume. Walisema maneno, naye aliwaacha waseme. Kwa mshipi huo alilisha watoto wanne. Alikuwa na ndoana mbili. Zamani duka la Mhindi liliziuza, lakini tangu vita ianze hazikuja tena, na mwanamke wa boma la pili ambaye ndoana zake zilipotea alikuwa sasa akiwalimia watu wengine ili wanawe wale. Haya yote mama aliniambia njiani. Niliyasikia jinsi mtoto anavyosikia mambo ya wakubwa, yaani niliyajua bila kuyafikiria.

Alhamisi mchana, upepo ulipoanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, alinipeleka maweni. Nilitaka twende mahali ambapo maji yametulia na kung'aa. Yeye alikwenda pale mawimbi yalipogonga na kuyachafua, kwa sababu, alisema, upepo huleta chakula upande ule na samaki hufuata chakula. Alinikataza kukanyaga kwa kishindo, maana samaki husikia miguu. Akanisimamisha jua likiwa mbele yangu ili kivuli changu kibaki nyuma. Alimtoa mmoja wa nyungunyungu wangu, akamsifu kwanza, kweli alimsifu, "Hii ni ya kushiba," kisha akamvisha kwenye ndoana ikafichika yote, akaacha mkia mdogo unaochezacheza.

Mshipi wake ulikuwa wa katani aliyoisokota mwenyewe, umezungushwa kwenye kijiti, na kijiwe chenye tundu kikiuvuta chini. Hakuutazama. Aliulaza kwenye kidole cha shahada akatazama kando, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Alivua samaki watatu nikiwa bado najiuliza ataanza lini. Walikuwa fwani, samaki wa magamba makubwa mazito. Mikono yake haikuwa na haraka hata kidogo. Nimewaona mafundi wengi tangu siku hiyo, na bado sijaona mikono mingine iliyojua kazi yake namna ile.

Halafu akaniwekea mshipi mkononi.

"Akigusa, ngoja. Bado anaonja. Akigusa tena, ngoja. Akienda nayo, ndiyo unavuta kidogo. Na akikimbia, mwachie akimbie. Usishindane na yeye."

Nilisema ndiyo kwa kila neno. Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe la nyuma akipeta wimbi, na Achieng, binti wa mwenyeji wetu, aliyelingana nami kwa umri, alikuwa kando yangu akinitazama kwa mashaka makubwa. Nilikaa sana. Kidole kilikufa ganzi. Kisha nikahisi kitu kikigonga, taratibu, tap tap, nami nikangoja. Kikagonga tena nikangoja. Nilijivunia kungoja kwangu. Kisha mshipi ukaondoka.

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu sisi watoto wa milimani. Kazi yangu nyumbani ilikuwa kumvuta ndama. Ndama akikataa kwenda, unazungusha kamba mkononi mara mbili, unachimbia visigino, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote, na hulegezi, kwa sababu ukilegeza mara moja tu amejua kwamba wewe ni wa kushindwa. Nilikuwa hodari wa ndama. Samaki alipokimbia, maneno yote ya Mama Achieng yalinitoka. Nikazungusha mshipi mkononi mara mbili, nikachimbia visigino, nikaegemea nyuma.

Mshipi ulikatika. Nilianguka chali maweni, kiganja kikiwa kimekatwa kinatoka damu, na samaki akaenda zake na ndoana.

Mama alisimama, ungo mkononi, nami nilijua uso ule, ulikuwa uso wa fimbo. Mama Achieng alimwinulia kiganja bila kugeuka, naye akabaki amesimama. Kisha Mama Achieng akaniinua, akaniosha mkono ziwani, akaupuliza. Nililia kwa aibu zaidi ya maumivu. Nilisema nataka kurudi nyumbani, kwamba magokoro alisema kweli, maji si yetu.

Akafungua kitambaa chake cha kichwani. Ndani ya upindo kulikuwa na kipande cha gunzi la mahindi, na kwenye gunzi ilichomekwa ndoana ya pili. Akaanza kuifunga kwenye mshipi uliobaki.

"Mama," Achieng alisema kwa sauti ndogo, "hiyo ndiyo ya mwisho."

"Najua."

"Vua wewe, basi," mama yangu akasema haraka. "Dada yangu, mwache huyu. Vua wewe mwenyewe."

Mama Achieng aliuma fundo kwa meno akalijaribu. "Akienda nyumbani saa hii, anajua kuvuta tu," alisema. "Kuachia bado hajajua." Kisha akanipa mshipi, kwenye mkono uleule uliokatwa, akarudi nyuma hatua mbili.

Hatua mbili hizo nazikumbuka vizuri. Angeweza kusimama karibu ashike mshipi pamoja nami. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Yeye aliweka mikono nyuma.

Sijui tulikaa muda gani. Nilitetemeka hata nikadhani kila mtetemo ni samaki. Alipogusa kweli nilimtambua mara moja, maana aligonga kwa utaratibu wake, si wangu. Nikangoja. Akaonja tena nikangoja, jasho likinitiririka machoni. Akaenda nayo, nikavuta kidogo. Kisha akakimbia, na mwili wangu wote, kila mfupa uliowahi kuvuta ndama, ukaniambia nishike. Nikafungua vidole.

Mshipi ulipita kiganjani juu ya kidonda ukiniunguza, ukaenda, ukaenda, nikaona kijitini unakaribia kwisha. Kisha ukasimama. Nikauvuta pole, akaja pole. Akakimbia tena, nikamwachia tena, safari hii si mbali. Mara ya tatu alikuja ubavu ukiwa juu, amechoka, anang'aa kama sufuria mpya, na Achieng akaruka majini hadi kiunoni akamkumbatia kwa mikono miwili akipiga kelele kuliko mimi.

Mama yangu, mwanamke wa imani hata katika furaha, kitu cha kwanza alichofanya ni kumkagua samaki kama ana magamba, maana samaki asiye nayo sisi hatuli. Alipoyaona, ndipo akanikumbatia. Mama Achieng aliitoa ndoana mdomoni mwa samaki, akaifuta, akaichomeka tena kwenye gunzi, akaketi. Alikaa kitako kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka.

Tulimkausha samaki yule kwa moshi, tukampandisha hadi kwetu. Magokoro alimshika mkia, akamgeuza, akauliza nani amemvua. Mama akanisukuma mbele akasema, "Kerubo." Akauliza tena. Baadaye aliwaambia majirani habari hiyo mara nyingi sana, na kila alipoisimulia samaki aliongezeka urefu.

Kwa miaka mingi nilikumbuka siku ile kama siku yangu. Siku niliyojifunza kuvua, siku niliyolishinda ziwa. Nilimpenda Mama Achieng kwa ualimu wake, kwa utulivu wake, na nilidhani utulivu ni tabia aliyozaliwa nayo, kama urefu au rangi ya macho.

Kisha nikawa mtu mzima, nikawa fundi wa nguo sokoni Keroka, na cherehani yangu mwenyewe. Binti yangu alipofika umri niliokuwa nao siku ile, aliniomba ajaribu kushona. Nilimkalisha, nikamwambia asukume kitambaa polepole. Alikisukuma kama mtoto anavyosukuma, na sindano ikavunjika. Nilimpigia kelele mbele ya wateja. Nilimwambia mikono yake ni ya kuharibu, nikamwondoa kwenye kiti, nikaketi mimi. Alikwenda kusimama mlangoni akitazama barabara, mabega yamepanda, na nilikuwa nimeshaanza kushona tena ndipo miguu yangu ikasimama juu ya kanyagio.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama Achieng alikaa kitako vile, na kwa nini aliweka mikono nyuma. Alikuwa akiogopa. Chakula cha watoto wanne kilikuwa kwenye ncha ya mshipi, mkononi mwa mtoto wa mwenzake ambaye alikuwa ametoka tu kukosea, naye aliogopa kama ambavyo mama yeyote angeogopa, akarudi nyuma hatua mbili.

Nilimwita binti yangu. Hakutaka kuja, nikaenda kumleta. Nikamkalisha tena kwenye kiti, nikafungua kikopo nichukue sindano nyingine, nikashikwa na aibu. Ndoana ya Mama Achieng ilikuwa ya mwisho. Mle ndani mlikuwa na sindano kumi na moja.