Sabuni ya Kunukia na Mikono ya Sadala

Enzi za Mwingereza, Salale nzima hapakuwa na kijana mwenye mikono mibaya kama Sadala. Uso, sawa, mimi hakunifikia, lakini alitazamika. Balaa lilianzia viwikoni kushuka chini. Miaka ya kubandua magome ya mikoko, yanayokwenda Ulaya kutengenezea ngozi, ilimwachia wekundu usiotoka hata kwa mchanga.

Posa yake ilikubaliwa Kibiti. Mzee Haruni, baba yake Zabibu, hakumficha: "Mwanangu, siku ya ndoa nitaushika mkono wako mbele ya watu. Uje nao safi. Wanawake wangu wanauliza hina anapakwa nani, wewe au bibi harusi."

Sadala alirudi amenuna njia nzima. Akajisugua kwa liwa, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Wapi! Ndipo akaingia dukani kwa Mshamu, kule Nyamisati, akaonyeshwa sabuni ya kunukia, karatasi yake ina picha ya bibi wa Kizungu mwenye mikono myeupe kama tui.

"Huyu naye alikuwa mbandua magome?" Sadala akauliza.

"Tena alikuwa mchafu kuliko wewe," Mshamu akajibu, uso mkavu.

Siku moja kabla ya ndoa, Sadala akakamulia ndimu kwenye debe kuukuu lililoliwa na kutu, akakoroga sabuni yote, akatumbukiza mikono. Akakaa hivyo adhuhuri hadi alasiri, ananukia waridi, anajiona bwana shauri wa serikali. Alipoitoa, ilikuwa myeusi kama chungu cha shughuli.

Tatu, mdogo wake, akaitazama mikono, akalitazama debe, akakaa chini kwa kicheko. "Kaka, nikitaka ukindu mweusi wa mikeka naupika kwa magome na misumari yenye kutu. Magome umekuja nayo mwilini, kutu umeikuta debeni. Umejipika."

"Itatoka lini?"

"Mikeka yangu inachakaa, rangi ipo palepale."

Kesho yake, Kibiti, Mzee Haruni akaurudisha mkono wake mwenyewe kwenye kanzu. "Tungoje ngozi nyingine iote, mwanangu."

"Hata tukifunika kwa leso, baba?"

"Leso itafunika leo. Zabibu atakula na mkono huo kila siku. Acha magome, kisha urudi."

Aache magome, nguo za Zabibu azinunue kwa fedha gani? Hilo hakulisema. Alisema, "Haya, baba," akageuka. Jumatatu alikuwa mikokoni tena, anabandua kwa hasira hadi wenzake wakasogea mbali naye.