Mgeni wa Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mpigachapa katika ofisi ya wilaya, Kilosa, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hatujamaliza hata mwaka wa ndoa, akahamishiwa Dodoma. Shule zilipofungwa nikapanda treni kumfuata, na mfuko wa mchele wa kwetu, wa kijiji cha Tindiga, miguuni.

Alinipokea stesheni asubuhi, akanifikisha chumbani kwake, akanionyesha ndoo ya maji na jiko la mafuta ya taa, akawahi kazini.

Habari za makao makuu ya nchi kuhamia Dodoma nilikuwa nikizisikia tangu utoto, basi nikatoka kwenda kuyaona. Barabara zilikuwa pana, zimenyooka, na hazina watu. Nilipita viwanja vilivyopimwa, mawe ya mipaka yamechomoza kwenye nyasi kavu, nyumba hakuna. Wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Kwetu ningekuwa nimekwisha kuitikia salamu nyingi. Huku nilimkuta mzee mmoja tu, mlinzi wa geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Natembea tu."

Alinitazama sana. "Basi nenda sokoni. Huko ndiko kuna watu."

Kweli walikuwepo. Mitumba imerundikwa, redio kaseti zinapigiana kelele. Nilinunua zabibu, nikazila nimesimama kando, sina wa kumkaribisha.

Jioni mke wangu alipika. Alipofunua sufuria tukaona wote wawili: wali ulikuwa wa mtu mmoja. Alicheka. Tulikula sahani moja, kila mmoja akimsogezea mwenzake.

"Nitaomba uhamisho nije huku," nikasema.

"Usiwe na haraka, mwalimu. Mimi mwenyewe bado nakuzoea huku."

Jumapili alinipeleka kanisani. Wanakwaya wenzake walimzunguka, wakamtania kwa jina nisilolijua. Mimi walinipa mkono kwa heshima: "Karibu, mgeni."

Nilirudi Kilosa nikaomba uhamisho hata hivyo. Ukakataliwa, walimu walikuwa wachache. Tukaishi hivyo miaka, likizo hii mimi kwenda, likizo ile yeye kuja. Aliporudi kwa kudumu nilifurahi mno, lakini wiki za kwanza tulikuwa tukiulizana kwa adabu, kama wapangaji wapya: chumvi inatosha? Taa nizime? Wewe hulala upande gani?