Kamati ya Harusi ya Mdogo Wangu

Kundi letu la kutetea wahamiaji hukutana Jumapili baada ya ibada, kwenye karakana ya fundi seremala pale Igoma. Tunakaa kwenye viti vya plastiki katikati ya vitanda visivyopigwa vanishi: Warundi, Wakongo na sisi wenyeji. Desturi yetu ni kwamba kila mgeni anapewa ndugu mwenyeji. Akishikwa, huyo ndugu ndiye anayemfuata na kumsemea. Mimi nilipewa fundi cherehani kutoka Burundi. Mbele za watu nilimwita mdogo wangu. Tukiwa peke yetu sikuhitaji kumwita chochote.

Ndiyo, mimi ni mwanaume ninayempenda mwanaume, na kundi hilo linalopigia kelele haki za kila mtu halikujua. Aliyejua ni dada mmoja tu, muuza vitenge wa Kisesa, ambaye naye moyo wake uko kwa wanawake. Mkutano ukiisha, sisi wawili tulibaki kupanga viti, kimoja juu ya kingine. Watu walitusifu kwa kujituma. Kumbe huo ndio ulikuwa mkutano wetu. Tulinong'onezana nani amekimbia kwao kwa sababu kama zetu, atalala wapi, na tutamwingizaje kwenye kundi. Mbele ya wenzetu tulisema amekimbia vita. Vita walivielewa.

Mwaka jana mdogo wangu alinyimwa kibali cha kuishi, akaambiwa aondoke nchini. Huko kwao kaka zake wa damu waliapa kumuua, na sababu ya kiapo hicho hatukuweza kuitaja kikaoni.

"Mbona jambo jepesi?" alisema mama mwenyekiti, mtu wa huruma kweli. "Mtafutieni mke. Akioa hapa, kibali kitapata njia."

Watu wakachangamka. Harusi tunaiweza, kamati iliundwa chai haijapoa. Nikachaguliwa kuiongoza, maana mimi ndiye kaka wa bwana harusi. Nilishukuru.

"Kijana, una mtu?" mama akamuuliza.

Mdogo wangu alikuwa akiviringisha futi yake ya kupimia nguo. "Mama, mimi sitaki kuoa."

"Hutaki kuoa au hutaki kukaa Tanzania?" mzee mmoja akadakia. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, wakaanza kumtazama vizuri. Swali lililokuwa linakuja nililijua.

Dada wa vitenge akasimama. "Msimsumbue, anaona aibu tu. Mtu wake ni mimi."

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakachungulia.

Tulipokuwa tukipanga viti siku hiyo, alisema, "Usinishukuru. Hata mimi nyumbani wamenichosha na maswali. Tutaishi kama kaka na dada. Wewe utakuja wakati wowote, shemeji."

Kazi ya kamati niliifanya vizuri, na hilo linaniudhi mpaka leo. Nilibishana na mpiga picha, nikaonja pilau, nikasoma risala. Suti alijishonea mwenyewe. Mimi nilimshikia kioo.

Kibali kilipatikana. Yuko hai, yuko Kisesa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi. Ila mama mkwe wake amehamia nyumbani mwao, anasubiri mjukuu. Nikienda namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha anaketi nasi sebuleni mpaka ninapoaga. Sijamshika mdogo wangu mkono tangu siku ile ya kioo.

Hata viti wametunyang'anya. Mkutano ukiisha, akina mama humwambia dada, "Nenda na mumeo, mwanamke aliyeolewa habaki nyuma." Naye huenda, mdogo wangu amembebea mkoba, na wote wawili hugeuka mlangoni kunitazama. Wageni wetu wenye siri sasa hawana wa kunong'onezana juu yao ila mimi na ukuta. Nina upweke ambao sikuujua hata kabla sijampata mtu.

Jumapili iliyopita mama mwenyekiti alirudi kuchukua mwavuli wake, akanikuta napanga viti.

"Mwanangu, unajituma sana peke yako," alisema. "Na wewe tukuundie kamati?"

Nikamwambia asante mama, bado kidogo. Alipotoka nilishusha kiti kimoja nilichokwisha kukipanga, nikakikalia, kisha nikashusha kingine nikakiweka mbele yangu.