Nimechaguliwa Vyuo Viwili, Baba Anajua Kimoja

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku Mafinga tunajuana sana. Mimi ni binti wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Naishi na baba yangu, fundi seremala. Mama alifariki nikiwa darasa la tano, kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaniambia nachezea bahati.

Tangu kidato cha pili, siku niliyomrekebishia baba vipimo vya kabati la mteja, ananiita Injinia. Alianza yeye, wakafuata mafundi wenzake, sasa mpaka mama muuza maandazi ananiita hivyo. Jina langu naliona kwenye vyeti tu. Nikipita, mtu haulizi nimeamkaje, anauliza, "Injinia, chuo lini?" Mnaweza kudhani ni raha. Ukishapewa cheo na mtaa mzima, huna tena wa kumwambia kwamba unaogopa.

Siogopi masomo. Hisabati naipenda. Ninachokiogopa nimeshakionja. Kidato cha tano tulianza wasichana watatu kwenye mchepuo wetu, wenzangu wawili wakahama kabla muhula haujaisha, nikabaki mimi na wavulana darasa zima. Hawakuwa wabaya, nisiwasingizie. Lakini diskasheni zao walifanyia bwenini kwao, ambako mimi siruhusiwi kukanyaga. Asubuhi wanakuja wameshaelewana, wanachekea vichekesho vya jana, mimi nimekaa na swali langu lile lile. Maabara wakiambiwa wajipange wawili wawili, nilikuwa nabaki na mwalimu. Miaka miwili hivyo. Kuna siku nilijikuta nabishana na daftari kwa sauti, nikalia.

Wiki iliyopita majibu ya vyuo yalikuja kwenye simu ya baba, maana wakati naomba sikuwa na laini, nikaandika namba yake. Yeye meseji huwa hasomi, anasema zote ni za kumshawishi ajiunge vifurushi. Akanipa nimsomee. Nilikuwa nimechaguliwa viwili: uinjinia wa umeme kwenye chuo kimoja Mbeya ambacho kila kozi ni sayansi na ufundi, na ualimu wa Fizikia na Hisabati kwenye chuo kingine Iringa mjini, chenye watu wa kila fani. Natakiwa nithibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyokuja humo humo, mwisho Ijumaa. Nikamtazama baba alivyokuwa ananisubiri, randa mkononi. Nikasoma cha Mbeya, cha Iringa nikakimeza.

Jumatatu nikaaga naenda kumsalimia shangazi Uyole, huko huko Mbeya. Kweli nililala kwake, ila kesho yake nikaenda kule chuoni kujionea mwenyewe. Ni likizo, najua, watu ni wachache. Lakini kwetu hata mpita njia humpiti bila kamwene, salamu yetu, na mimi nilikaa pale tangu saa tatu mpaka saa saba, watu wananipita na laptop zao. Aliyenisalimia ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, amevaa ovaroli, alibaki kumalizia mradi wake.

Nikamuuliza darasani kwao wako wasichana wangapi. Akasema, "Tulikuwa watatu. Sasa hivi unaongea na wasichana wote."

"Na masomo?"

"Masomo yako vizuri, mashine zipo, walimu wanajua. Nisikudanganye. Ila mdogo wangu, hapa mkimaliza kuongelea saketi mnaongelea saketi nyingine."

"Sasa mtu akichoka?"

"Anahamia kozi nyingine ya uinjinia. Akichoka na hiyo, kuna nyingine tena." Alicheka peke yake.

Kabla sijaomba namba yake, yeye ndiye aliyeomba yangu. Akasema, "Ukija nitafute, hata kama ni muda wa kula tu." Alifurahi mno kwa mtu aliyemjua nusu saa. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote aliyosema.

Nilimweleza shangazi kila kitu, na cha Iringa pia, nikamwomba asimwambie kaka yake. Akaniangalia, akasema, "Wewe mwana, unaenda kusoma au kupiga soga?" Labda ana haki. Labda mtu mzima halilii watu wa kuongea nao.

Jana nilirudi. Tukiwa tunakula, baba akaniuliza, "Hivi kutoka hapa mpaka Iringa mjini siku hizi ni mwendo gani?"

Baba huenda Iringa kila mwezi kununua bawaba na vitasa. Nikamjibu kama saa moja na nusu. Akasema, "Si mbali," akaendelea kula.

Leo asubuhi ameenda karakana na simu ameiacha mezani. Hajawahi kuiacha, wateja wake wote wako humo. Sijui shangazi kamwambia, sijui kaisoma ile meseji mwenyewe. Sijui kama ananipa ruhusa au anataka aone nitafanya nini, na kumuuliza nashindwa, maana nitaanza kwa kukiri kwamba nilimdanganya.

Nikienda Mbeya, naiona miaka minne mbele yangu na sina wa kukaa naye mezani. Nikienda Iringa, yule dada anamaliza na kuondoka, na msichana atakayekuja hatakuta hata mtu wa kumsalimia. Hilo nalo linaniuma, ingawa simjui.

Mliopita vyuo vya sayansi tupu, hasa wadada, msinipe moyo, nipeni ukweli. Upweke ule mtu anauzoea, au unammaliza? Mwisho ni kesho, simu iko mbele yangu, na baba anarudi kula saa saba. Nithibitishe wapi, jamani?